Injini Ikikata Pumzi Juu ya Chekalini

Nchi inapanda polepole kutoka Webuye, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hadi Eldoret ambayo imepita mita 2,000. Chekalini iko katikati ya mwinuko huo, wadi ya eneo bunge la Lugari katika Kaunti ya Kakamega, kwenye ukanda wa reli ya zamani inayoelekea Malaba. Rubani anayeruka na Cessna 172 kutoka Kakamega kwenda Kitale hupita humu. Chini yake anaona mahindi, safu za mikaratusi, mabati yanayometameta na vijia vyekundu vya boda boda. Viwanja vya ndege vya kweli, yaani Kakamega kusini, Kitale kaskazini na Eldoret mashariki, vyote viko mbali naye kwa zaidi ya kilomita 30. Injini ikimzimia akiwa futi 3,000 juu ya ardhi, ndege itateleza hewani kilomita nane hivi huku ikishuka takriban futi 800 kila dakika. Hata dakika nne hazitimii. Kitale haifikiki, wala Kakamega hairudiki. Atatua kwenye shamba la mtu.

Magazeti yetu yana kichwa kimoja kwa mambo kama haya: "Ndege yaanguka." Ikitua kwenye mahindi na rubani akashuka akijifuta jasho, imeanguka. Ikijipigiza mlimani na kuua wote, imeanguka vilevile. Neno hilo moja limetuzoesha kuamini kwamba injini ikizima ndege hudondoka kama jiwe. Haidondoki. Mabawa hayajui kama injini inafanya kazi; yanachotaka ni mwendo, na mwendo hupatikana kwa kuinamisha pua kidogo na kulipia kwa kimo. Cessna 172 husonga mbele takriban futi tisa kwa kila futi moja inayoshuka. Ndege ndogo iliyozimikiwa inageuka kuwa baiskeli inayoteremka mlima bila kupigwa pedali. Itafika chini tu, ila usukani na breki bado viko mikononi mwa mwenyewe.

Mikasa mikubwa ya anga katika upande huu wa nchi haikuhitaji injini kuzima. Tarehe 24 Januari 2003, ndege iliyokuwa imembeba Waziri wa Leba Ahmad Khalif iligonga nyaya za umeme muda mfupi baada ya kuruka kutoka Busia, na waziri akafa. Tarehe 5 Juni 2018, Cessna Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare na kuua wote 10 waliokuwamo. Waya na mlima. Nayataja haya mapema kwa sababu nitakayoyasema kuhusu injini yanarudi palepale: kuzima kwenyewe mara nyingi kunasameheka, na kinachoua ni kile ambacho ndege inagonga, na kasi inayokigonga nayo.

Kwa nini injini izime, basi? Simama mbele ya kinu cha posho katika soko lolote la Lugari. Dizeli inaguruma tangu asubuhi, mkanda unapigapiga, unga umetanda hadi kwenye nyusi za msagishaji. Inapokohoa mara mbili na kunyamaza, fundi haendi kwenye pistoni. Anakwenda kwenye mpira wa mafuta, anaufungua, anaangalia kama yanatiririka, kisha chujio, kisha anachungulia tangi kwa aibu kidogo, maana huenda ni yeye aliyesahau kujaza. Injini imara sana hunyimwa kitu kidogo sana, ikanyamaza.

Injini ya ndege ndogo ni ndugu wa mbali wa ile ya kinu, ingawa huchoma petroli. Lycoming O-320 iliyofungwa kwenye Cessna 172 nyingi ina silinda nne, hupozwa na upepo, na mtengenezaji hupendekeza ifumuliwe yote baada ya saa 2,000 za kuruka au miaka 12. Kila silinda ina plagi mbili, na plagi hizo hulishwa na magneto mbili zisizotegemeana wala kutegemea betri. Magneto moja ikifa, mzunguko unapungua kidogo tu na safari inaendelea. Cheche zimewekewa akiba. Mafuta na hewa havikuwekewa: matangi ni mawili, moja katika kila bawa, lakini yote humwagikia mrija mmoja na kuingia kabureta moja. Huko kwenye mrija na kabureta ndiko ninakoona kiini cha suala lote.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa onyo mwaka 2017 kuhusu miaka ya 2011 hadi 2015. Kila mwaka, kwa wastani, ajali zaidi ya 50 zilitokana na namna mafuta yalivyosimamiwa. Katika 56 kwa kila 100 kati ya hizo, mafuta yaliisha kabisa. Katika 35 mafuta yalikuwamo ndani ya ndege lakini hayakufika kwenye injini: swichi ya tangi imeelekezwa pasipofaa, mrija umeziba, pampu haikuwashwa. Na katika ajali 95 kwa kila 100 mkono wa rubani ulikuwamo. Hitilafu ya mfumo wa mafuta ilitajwa katika chini ya tano. Kiswahili kina maneno mawili mazuri kwa hali hizo mbili, kuishiwa na kunyimwa. Kuishiwa ni hesabu mbaya, na kunyimwa ni kusahau ukiwa na shibe. Rubani aliyezimikiwa injini juu ya Chekalini akiwa na lita 40 kwenye bawa la kulia huku swichi ikinyonya bawa la kushoto lililokauka anahitaji kuzungusha mkono mmoja tu, mradi akili yake haijaganda.

Kwetu kuna jambo jingine juu ya hayo. Petroli ya ndege, ile ya rangi ya samawati inayoitwa Avgas 100LL, inapatikana kwa urahisi Wilson, Nairobi. Bara ni shida. Ndege kubwa, helikopta nyingi na Caravan hutumia Jet A-1, ambayo ni jamaa ya mafuta ya taa, kwa hiyo viwanja vingi huona faida kuweka hiyo. Mwenye Cessna ndogo anabaki na njia mbili: abebe mafuta ya kwenda na kurudi, uzito ambao tutauona ukimdhuru, au ajiwekee mapipa yake kiwanjani. Pipa linakaa nje. Mchana linapata joto na kutoa pumzi, usiku linapoa na kuvuta hewa yenye unyevu, na matone yanajikusanya ndani. Ndiyo maana mapipa hulazwa kwa ubavu, na ndiyo maana mafuta hupitishwa kwenye chujio linalozuia maji. Pipa likiwa na maandishi yaliyofutika na pampu ya mkono isiyojali inavuta nini, kosa la kutia Jet A-1 kwenye injini ya petroli linakuwa karibu sana. Injini huwaka vizuri kwa petroli iliyobaki kwenye mirija, inavuta hadi mwisho wa njia ya kurukia, kisha inaonja kilichotiwa.

Asubuhi moja pale Wilson nilimtazama rubani akikagua ndege yake kabla ya safari. Aliinama chini ya bawa na kikombe cha plastiki angavu chenye mwiba katikati, akabonyeza valvu ndogo, na mafuta yakachuruzika. Alikiinua kikombe juani. Samawati tupu. Akaenda bawa la pili, na safari hii chini ya samawati palilala vitone vitatu visivyo na rangi, vya mviringo, vikiteleza kila alipokiinamisha kikombe, kama shanga za kioo. Alimwaga, akachota tena, akamwaga, akachota mara ya nne hadi shanga zikaisha. Kazi hiyo ilimla dakika tano hivi. Kijiko kimoja cha maji ndani ya kabureta kinatosha kunyamazisha injini ya farasi 160.

Kisa maarufu zaidi cha injini kunyimwa mafuta ni cha mtu aliyelelewa Njoro. Beryl Markham, aliyefunza farasi wa mbio na kurusha ndege nchini Kenya, aliondoka Abingdon, Uingereza, jioni ya tarehe 4 Septemba 1936, peke yake, kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi, dhidi ya upepo. Ndege yake ilikuwa Percival Vega Gull yenye herufi za usajili za Kenya, VP-KCC, aliyoazimwa na John Carberry. Aliruka zaidi ya saa 21. Karibu na pwani ya Kanada injini ikaanza kukohoa, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba barafu iliziba njia za hewa za tangi la mwisho: petroli ilikuwamo, lakini tangi lisilovuta hewa halitoi mafuta, kama chupa iliyopinduliwa bila kutobolewa. Aliliona eneo lililofanana na uwanja huko Baleine, Cape Breton, akalilenga. Lilikuwa bwawa la matope. Ndege ilizama pua, mkia ukabaki juu, naye akatoka akivuja damu kipajini na kuingia historia kama mwanamke wa kwanza kuvuka bahari hiyo peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi.

Msomaji wa Lugari atasema barafu ni mambo ya Kanada. La hasha, na hapa naomba tukae kidogo.

Kabureta ina koo jembamba. Hewa ikipita hapo inakimbia, shinikizo linashuka, na petroli inayonyunyizwa inageuka mvuke papo hapo. Mvuke huo unanyang'anya joto, kama spiriti inavyopoza mkono kabla ya sindano. Hewa iliyoingia ikiwa nyuzi 20 inaweza kupoa kwa nyuzi 20 na zaidi ndani ya nusu kiganja cha safari. Ikiwa imebeba unyevu mwingi, unyevu huo unaganda kwenye kuta za koo na kwenye kipepeo cha throto. Nje kuna joto la shati, ndani ya injini kunajengeka theluji. Hatari hiyo haihitaji baridi kali. Inahitaji unyevu, na hali ya hewa ya nyuzi 15 hadi 25 yenye mawingu ni shamba lake lenye rutuba. Sasa itazame Kakamega: mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, msitu unaopumua mvuke, mawingu yanayosimama kila alasiri, na kimo kinacholeta ubaridi wa kuvaa sweta asubuhi. Sijui mahali pengi nchini palipofaa zaidi kugandisha kabureta.

Inavyokuja ndiyo inayodanganya. Hakuna kishindo. Sindano ya mizunguko inashuka kidogo, rubani anasukuma throto kidogo, mambo yanasawazika. Baada ya dakika chache inashuka tena, anasukuma tena. Kufikia injini inapoanza kutetemeka, koo limebaki tundu. Dawa ipo kwenye dashibodi, kidude cha kuvuta kinacholeta hewa iliyopashwa moto kwenye bomba la moshi. Ukikivuta, barafu inayeyuka na kuwa maji, maji yanaingia kwenye silinda, na injini inakohoa vibaya kuliko mwanzo. Rubani asiyezoea anaogopa na kukirudisha kidude mahali pake, akiamini ameharibu. Ameikatiza dawa katikati. Ilihitaji avumilie nusu dakika ya kelele za kutisha.

Mtego mwingine uko kwenye kushuka. Rubani anayekaribia Kitale hupunguza nguvu, kipepeo cha throto kinakaribia kufunga, upenyo unabaki mwembamba, na injini inapoa kiasi kwamba hata hewa ya kupashwa inakosa moto. Anashuka kwa raha dakika tano. Anapotaka nguvu tena ili afike kiwanjani, haipo. Mwalimu mzuri humzoesha mwanafunzi kuvuta joto la kabureta kabla ya kupunguza throto. Injini zinazopuliziwa petroli moja kwa moja karibu na silinda hazina ugonjwa huu, lakini ndege nyingi za watu binafsi zilitengenezwa miaka ya 1960 na 1970 na bado zina kabureta.

Kimo nacho huiba nguvu bila kuharibu kitu. Tuchukue kiwanja kilicho futi 5,500, mchana, nyuzi 27. Kwa kimo hicho hewa ya kawaida ya vitabuni ingekuwa na nyuzi nne tu. Zile 23 zilizozidi zinaipanua hewa hadi injini na mabawa yahisi kama yako zaidi ya futi 8,000. Injini isiyo na tabo hapo inatoa robo tatu tu ya nguvu zake, yaani farasi 160 wamebaki kama 120. Propela inauma hewa nyembamba na mabawa yanadai mbio ndefu zaidi. Hapo ndipo yale mafuta ya kurudia aliyobeba kwa kuwa bara hakuna Avgas yanapomkalia shingoni. Aliyefunzwa Malindi, usawa wa bahari, akaja huku na kuacha kidude cha mchanganyiko wa mafuta kimesukumwa chote kama alivyozoea, anaipa injini petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Inatoa moshi mweusi, plagi zinashika masizi, na nguvu iliyobaki inapungua tena. Ukimuuliza atakwambia injini ilikuwa na kasoro.

Kuzima mara tu baada ya kuruka kuna kanuni yake, na ni kanuni ngumu kuitii. Nyuma kuna kiwanja kirefu kilichonyooka, mbele kuna mikaratusi. Kila mshipa unasema geuka. Kurudi, hata hivyo, si kugeuza nyuzi 180 tu. Ni zaidi, kwa sababu ndege ikishageuka haiko tena kwenye mstari wa kiwanja na lazima iurudie. Kukunja kwa haraka kunataka kulaza bawa, na ndege iliyolazwa nyuzi 45 inahitaji mwendo mkubwa zaidi kwa takriban asilimia 19 ili mabawa yaendelee kubeba. Nyuzi 60, asilimia 41. Rubani aliye futi 400 juu ya ardhi, anayeona miti ikimjia, huvuta usukani kuinua pua. Bawa la ndani linaacha kubeba, ndege inajipindua, na hapo ndipo "yaanguka" linapokuwa neno sahihi. Waalimu wanaosisitiza kutua mbele, kwenye chochote kilicho chepesi kati ya kushoto kidogo na kulia kidogo, wamezika wenzao wengi kabla ya kufikia msimamo huo.

Turudi kwa yule aliye futi 3,000, mwenye dakika zake nne. Anachotazama chini ni historia ya ardhi. Lugari ilikuwa nchi ya walowezi, yenye mashamba ambayo mtu angeweza kutua akiwa amefumba jicho moja. Tangu 1962, chini ya mpango wa Ekari Milioni, mashamba hayo yaligawiwa wakulima Waafrika, kisha baba akawagawia wana, na wana wakawagawia wao. Haki ilitendeka, na kiwanja kikapungua. Shamba la leo ni utepe mwembamba, lina ua wa miti, lina nyumba, lina ng'ombe aliyefungwa kamba. Rubani anayetafuta mita 300 zilizonyooka lazima aunganishe vipande vya majirani watatu na aombe Mungu ua kati yao uwe wa mimea laini badala ya vigingi.

Kisha kuna kalenda. Machi ardhi imelimwa, mabonge makavu yanashika gurudumu la mbele na kuipindua ndege. Mei mahindi yako magotini, laini, pengine ndiyo wakati mwema kuliko inavyoonekana. Julai na Agosti yamempita mtu kimo, kijani kilichojaa hadi upeo wa macho, na hapo kinachoonekana kama zulia kina mabua magumu ya kukata kasi ghafla. Ushauri wa marubani ni kuzichukulia ncha za mahindi kama ndiyo ardhi, uziguse kwa mwendo wa chini kabisa ndege inaoweza kubeba, pua juu, ili mkia na magurudumu ya nyuma yatangulie. Novemba na Desemba mabua yamekatwa na kusimamishwa kama vibanda vidogo, shamba zima. Januari ndio mwezi wa neema: mabaki mafupi, ardhi ngumu, ng'ombe wanazurura wakila masalia. Mvuke wa kugandisha kabureta nao umepungua Januari. Sheria ya uonevu ya msimu ni kwamba miezi yenye unyevu wa kuizima injini ndiyo miezi yenye mahindi marefu.

Barabara kuu ya Eldoret kwenda Malaba inavutia kutoka juu, nyeusi, imenyooka. Mimi nisingeitaka. Ina malori ya kwenda Uganda yaliyofuatana kama siafu, ina boda boda, ina nguzo kando. Januari 2025 ndege ndogo ya mafunzo iliangukia barabara ya Malindi kwenda Mombasa eneo la Kwachocha, na watu watatu waliokuwa chini, waliokuwa wakienda zao bila kujua lolote la ndege, wakafa. Uwanja wa shule nao unaita, kwa kuwa ni wazi na kijani, lakini uwanja wa mpira una kama mita 100, na Cessna kwa kimo hiki inahitaji zaidi ya mara mbili ya hizo baada ya kugusa ardhi. Na watoto wa Lugari, kama watoto wa popote, wakisikia ndege iko chini chini hukimbilia katikati ya uwanja kuitazama. Helikopta za wanasiasa zimewazoesha hivyo.

Waya ndio adui asiyeonekana. Tarehe 23 Januari 1954, Ernest Hemingway na mkewe walikuwa ndani ya Cessna 180 iliyorushwa na Roy Marsh karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda. Ndege iligonga waya wa simu uliotelekezwa na ikabidi itue porini. Wote walitoka hai. Siku iliyofuata walipanda ndege nyingine huko Butiaba, nayo ikashika moto ikijaribu kuruka. Magazeti ya dunia yalikwisha kuandika tanzia. Waya ule ulikuwa mmoja katika nchi pana. Lugari ya leo, tangu mradi wa umeme wa Last Mile uanze mwaka 2015, waya unakatiza kila kijia. Kutoka juu waya hauonekani kamwe. Nguzo ndizo huonekana, na rubani mwenye busara akiona nguzo mbili huchora waya kati yake hata kama haupo.

Kasi ya kugusa ardhi ina hesabu ambayo ningependa kila abiria aijue. Upepo wa noti 10, yaani maili 10 za baharini kwa saa, ukimkabili rubani anayetua kwa noti 50, anagusa ardhi kwa 40. Ukimsukuma kwa nyuma, kwa 60. Tofauti ni noti 20, lakini nguvu ya kugonga hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kutua na upepo nyuma ni kugonga kwa nguvu zaidi ya mara mbili. Hewa nyembamba ya Lugari nayo inaongeza kasi halisi kama asilimia 13 juu ya ile inayosomwa kwenye saa, bila rubani kuhisi. Upande wa pili wa hesabu hiyo ni wa kutia moyo. Mwili uliofungwa vizuri unaweza kuvumilia mara tisa ya uzito wake kwa kitambo kifupi, na kwa kiwango hicho ndege iliyo kilomita 80 kwa saa inahitaji chini ya mita tatu tu kusimama. Kwa kilomita 160 inahitaji zaidi ya mita 11. Mita tatu za mahindi, ua na bawa linalojikunja zinapatikana popote. Sharti ni "kufungwa vizuri": mkanda wa kiunoni peke yake, ambao ndege nyingi za zamani zilitoka nao kiwandani, huuacha uso ugonge dashibodi. Mikanda ya mabega ni bei ndogo kuliko redio mpya, na bado nimeona redio mpya nyingi zaidi.

Kwa hiyo ndani ya dakika hizo nne kazi ina mpangilio. Mwendo kwanza, noti 65 hivi kwa Cessna 172. Shamba ni la pili, likichaguliwa limechaguliwa. Halafu mikono inapita kwa mzunguko uliokaririwa: joto la kabureta, swichi ya tangi, mchanganyiko, magneto. Redio inakuja baadaye, mayday kwenye 121.5, kwa sababu hakuna anayesikia huko atakayeishika ndege. Chini kabisa, mafuta yafungwe, umeme uzimwe, na mlango ufunguliwe kabla ya kugusa ardhi ili usijikunje na kuwafungia ndani.

Ndege ikishasimama, Chekalini yote itafika ndani ya dakika tano. Watu hao ndio waokoaji wa kwanza na ndio hatari ya pili. Petroli ya ndege inashika moto kwa urahisi kama ya gari, na kwenye barabara kuu hiihii ya Malaba, upande wa Nakuru, pale Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliungua wakichota mafuta ya lori lililopinduka. Anayetaka kusaidia awatoe watu, awasogeze upande unaotoka upepo, asiguse propela hata ikiwa imetulia, maana magneto hazitegemei betri na injini yenye joto inaweza kuzunguka ikisukumwa. Kisha aache vitu vilivyo. Wachunguzi wa idara ya ajali za ndege, AAID, watataka kuona swichi ya tangi ilielekea wapi na kidude cha joto kilikuwa kimevutwa au la. Barafu yenyewe haisubiri mtu. Inayeyuka kabla hata umati haujafika, na kidude hicho ndicho shahidi pekee inaomwacha.

Ripoti za ajali zilizoua mawaziri husomwa. Zile za rubani aliyetua salama kwenye mahindi ya mtu, ambazo zina mafunzo mengi kuliko nyingine kwa sababu mhusika yuko hai wa kueleza, hupita bila kelele, na nadhani hapo tunajipunja. Huku nyuma shambani biashara nyingine imeanza. Ndege haiwezi kuruka kutoka hapo. Mabawa yatafunguliwa, lori litaitwa, nalo litakanyaga mistari mingine likiingia na likitoka. Mwenye shamba, aliyekuwa wa kwanza kufika na jembe bado begani, alishawapa waliotoka ndegeni maji ya kunywa na kuwaita wanangu. Sasa anatembea polepole nyuma ya mkia wa ndege, anahesabu mabua yaliyolala, na anamngoja mwenye ndege amalize simu.